Siku Baba Alipopaka Dari Chokaa

Sisi tuliokulia Ufipa wakati wa Mwingereza tulilala chini ya dari nyeusi. Nyeusi ti, kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Juu yake mama aliweka ulezi, chini yake tuliota moto na kula maharage, wala hakuna mtoto aliyewaza kwamba dari inaweza kuwa na rangi nyingine. Vijana wa leo umeme ukikatika kidogo wanaita mbingu na ardhi!

Kisha baba akarudi kutoka kwenye machimbo ya shaba, kule Rodeshia, na koti refu na mawazo mapya. Alilala chali, akatazama juu, akasema, "Nyumba hii inataka chokaa." Mama alidhani anasema kuta.

Ulezi ukashushwa. Baba akakwangua masizi kwa panga butu. Mimi na dada yangu Modesta tukatandaza magunia chini, tukatoka weusi hadi kope. Dari ile ilikuwa ya matete yaliyosilibwa udongo kwa mkono, vinundu huku, mabonde kule. Baba akajaza mabonde kwa udongo laini. Kila alipodhani imenyooka, mwanga wa mlangoni ulimwonyesha kinundu kingine. Ilipokauka akapaka chokaa kwa mkonge uliopondwa. Asubuhi tukakuta madoa ya manjano, kama mtu ameimwagia dari chai. Akapaka tena, yakatoka tena. Alisimama katikati ya chumba, chokaa ikimdondokea nyusi, hajui amkasirikie nani. Mama ndiye aliyesema, "Baba Modesta, masizi hujayaosha." Wakaosha kwa maji ya majivu, wakasiliba upya, wakapaka.

Ilipokubali kuwa nyeupe, tukamwita bibi, mama yake baba, aliyelala nasi humo. Akainua uso, akakunja mkeka wake.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwenye kibanda cha kuni. Silali chini ya sanda. Nikifa mtanifunika, sasa bado naona."

"Ni chokaa tu, mama."

"Na sanda ni kitambaa tu."

Ilikuwa ile miezi ya upepo unaokata masikio. Asubuhi tulimkuta bibi amejikunyata, anakohoa, na bado hataki. Modesta aliniuliza kama sisi tuliolala ndani tutakufa. Sikujua. Dari ilikuwa nzuri, na bibi alikuwa bibi. Tulishindwa tushike upande gani. Baba aliacha uji ukapoa, akikitazama kibanda.

Mwishowe akachimba udongo mwekundu wa kichuguu, akausiliba juu ya pale bibi alipolala siku zote. Majirani waliokuja kushangaa wakauliza kama chokaa ilimwishia.

"Huku kwangu," baba akawajibu, "kule kwa mama."

Bibi akarudi, akatazama juu. "Sasa nimefika nyumbani," akasema, akatandika.

Leo hapa mjini Mazwi dari ni za jipsamu, zimenyooka kama maji ndani ya beseni. Wanangu waliniwekea ya kwangu nilipokwenda kumwona Modesta kule Namanyere. Fundi walimpigia simu, rangi walichagua wenyewe. "Mama, imependeza?" Nikasema imependeza. Wakafurahi, wakaondoka. Nalala chali naitazama, na mpaka leo sijajua kama nimeipenda.