Ampli Kubwa ya Elisée

Elisée alifika Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, mwaka 2003, akiwa na gitaa lililofungwa ndani ya blanketi na bila mtu mwingine yeyote. Mkewe, Goretti, alikuwa amezikwa Uvira, kwao Kongo, mwaka uliotangulia, nao hawakujaliwa watoto. Akapewa kiwanja katika kijiji cha Kashojwa, mwisho kabisa wa safu ya nyumba, pale mashamba yanapoanza kuteremka kuelekea ziwani. Akajenga nyumba ya udongo yenye chumba kimoja na sebule ambayo haikupata kukaliwa na mgeni.

Kwa miaka kadhaa majirani hawakujua kuwa yeye ni mpiga gitaa. Alilima mahindi na maharage, akasalimu watu kwa adabu, akarudi ndani na kurudisha mlango. Aliyeligundua gitaa ni Mama Nyirakamana, mjane mzee wa kwaya yetu, siku alipoenda kuazima jembe akaliona limetundikwa ukutani.

“Hii ni ya nani?”

“Ni yangu, mama.”

“Na unaiacha ilale? Siye kwa kwaya tuko naimba na ngoma tu, na wewe unatundika gitaa kama nyama ya kukausha.”

Elisée alitabasamu. “Gitaa bila ampli ya kweli haina roho, mama. Siku nitapata ampli, nitakuja.”

Ampli ya kweli, yaani kikuza sauti cha gitaa, kwa maneno yake ilikuwa ile ya zamani yenye taa za kioo ndani, zinazopata moto na kung’aa rangi ya makaa. Vijana wa parokia kule Uvira, naye akiwa mmoja wao, walikuwa nayo moja kubwa, ya kubebwa na watu wawili. Waliipiga mchana kwenye uwanja wa mpira, imefunguliwa mpaka mwisho. Zile taa zikisukumwa hivyo, alieleza, sauti hulainika na kukwaruza kwa pamoja, kama ya mtu aliyetoka kulia. Goretti alizoea kusimama nyuma ya goli la mbali, na hata huko alimsikia. Elisée alipotusimulia jambo hilo la goli, hatukumwuliza zaidi.

Mwaka 2009 alianza kwenda Mbarara baada ya mavuno, akipigia wanajeshi gitaa katika kantini ya kambi yao. Msimamizi wa kantini, Naboth, alikuwa sajini mnene mwenye utani mwingi. Katika ghala lake ilikaa ampli ya taa, kubwa kama kabati, ambayo hakuna aliyeitaka tena kwa kuwa kantini ilikuwa imenunua spika mpya.

“Wewe Mukongomani, hii kitu unapeleka wapi?” Naboth aliuliza. “Ukifungua hii yote, ng’ombe ya kule Bwizibwera itamwaga maziwa bila kukamuliwa.”

“Kanisani, afande.”

“Kanisani? Mungu yenu ni kiziwi?”

Hata hivyo alimpa, nayo ikasafiri juu ya lori la mahindi kupitia Kabingo, Elisée ameketi kando yake akiikumbatia kila lori liliporuka shimo.

Sasa inafaa niseme jinsi kwaya yetu inavyoimba. Hakuna anayetangaza wimbo, wala chombo hakitoi sauti ya kuanzia. Mama Nyirakamana ndiye anayeuinua, mahali popote koo lake lilipoamkia siku hiyo, mara juu, mara chini. Huimba ubeti wa kwanza peke yake, kisha wenzake wanampokea. Mwenye chombo, hata kama ni ngoma tu, hunyamaza kwanza, akaitafuta sauti ya mama huyo, akaingia taratibu kama mtu aliyechelewa ibada.

Elisée alilijua hilo. Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma akilisikia. Lakini Jumapili ya kwanza ya ampli, jenereta ya kinu cha unga ilipowashwa na taa zikaanza kung’aa, aliusahau mpango wetu akaukumbuka wa Uvira. Alianza yeye. Kanisa letu ni dogo, la tofali mbichi na mabati, na sauti ile ilipopanda mabati yalitetema na vumbi likaanguka juu ya vichwa vya watu. Mama Nyirakamana aliinua wimbo pale koo lake lilipokuwa. Alipoona gitaa liko kwingine, alijaribu kulipandia, sauti ikamkatika. Akajaribu tena. Kisha akaketi. Wenzake nao wakaketi, mmoja mmoja. Elisée alikuwa amefumba macho, anapiga, na kwa kweli alipiga vizuri mno. Alipoyafumbua alikuta amesimama peke yake mbele ya kwaya iliyoketi.

Jumapili iliyofuata aliipunguza ampli mpaka karibu na mwanzo. Taa hazikusukumwa, na sauti ikatoka kavu, isiyo na utamu wowote. Hakumaliza wimbo. Baada ya hapo hakuja tena. Aliirudisha ampli nyumbani, akaifunika kitambaa cha meza na kuiweka sebuleni. Mashamba yalianza kumwona alfajiri na jioni tu. Watu wakazoea, na hilo ndilo lililonihuzunisha.

Aliyekataa kuzoea alikuwa Mama Nyirakamana. Alimfuata alasiri moja na sahani ya maharage, akaketi bila kukaribishwa.

“Umetukasirikia?”

“Hapana, mama. Nilifikiri nikipiga kwa nguvu, mambo ya Uvira yatarudi.”

“Uvira haiwezi kukusikia, mwanangu, hata ufungue namna gani. Mimi ndiye niko karibu, na siku ile sikujisikia hata mimi mwenyewe. Nilitafuta fasi ya kupita, nikakosa. Shusha hiyo gitaa.”

Akainua wimbo pale pale, chini sana, kwa sauti ya mtu anayepepeta nafaka. Elisée aligusa nyuzi bila waya wowote, akakosea, akasikiliza, akakosea tena.

“Nimekupata, mama.”

“Ulikuwa wapi?” alisema mama, akaendelea kuimba.

Juma lile lile ampli ilipanda lori kurudi Mbarara. Naboth alicheka mpaka akaketi juu ya kreti. “Nilisema. Mungu anasikia vizuri.” Kisha akaingia ghalani, akatoka na kisanduku cha mbao kilichokuwa cha kupigia santuri, chenye taa mbili ndogo ndani. “Hii jaribu. Ni kama bibi yangu: sauti kidogo, lakini hanyamazi.”

Walikijaribu hapo hapo. Elisée alikifungua mpaka mwisho, taa zikapata moto, na kwa sauti isiyozidi ya watu wanaozungumza mezani, ile hali ya kulainika na kukwaruza ikatoka. Alisikiliza kwa muda mrefu, ameinamisha kichwa. Naboth akamtafutia kamba ya kukibebea.

Jumapili hiyo alisimama pembeni mwa kwaya na kisanduku chake, akangoja. Mama Nyirakamana aliinua wimbo. Elisée akaitafuta sauti yake, akaingia. Waimbaji wa nyuma hawakumsikia vizuri. Wakanong’onezana, kisha wakanyanyuka na benchi lao, wakalisogeza mpaka magoti yao yakakaribia kumgusa.