Jora Ambalo Shangazi Hakulipima

Shangazi yangu Mwanarehema hushona mahema na maturubai ya malori pale Utange. Mteja akimuuliza achukue kitambaa gani, hamjibu. Humuuliza yeye kwanza: mwaenda wapi, mu wangapi, na nani atakayelibeba?

Mwezi wa Julai alikuja Bwana Kioko wa kiwanda cha simiti, pamoja na mkewe Rispa. Walitaka hema la watu watano, wakalale Milima ya Shimba likizo ya Agosti. Dukani walikuwa wameona la nailoni, jekundu, likikunjwa laingia mkobani.

"La nailoni ni jepesi, sikatai," shangazi akasema. "Lakini halipumui. Pumzi zenu zitapanda juu ziwe maji, alfajiri ziwadondokee. La pamba ni zito, ila lapitisha hewa. Na uzi wa pamba ukinywa maji hufura, tundu za sindano zikajiziba zenyewe."

Rispa akacheka. "Zinajiziba? Mama, hiyo ni kitambaa ama ni daktari?"

"Wallahi utaona. Hema halitoki hapa mpaka ukae ndani nami, mumeo alimwagie maji."

Wakachagua pamba.

Kitambaa kililetwa na Ami Waleed, mwenye duka la vitambaa Kiembeni. Mamake alipougua baada ya kumzaa, nyanya yangu ndiye aliyemnyonyesha, ziwa moja na shangazi. Basi kwetu ni ndugu hasa.

Majora ya wauzaji wengine shangazi huyachomoa uzi akauwasha kwa kiberiti. Pamba huacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikaganda kishanga kigumu. Jora la Ami Waleed hakuligusa. Mimi, kwa kupenda kujua, nilichomoa uzi mmoja nikauwasha. Ndani ya jivu mlikuwa na vishanga vyeusi. Nikakimbia kumwonyesha.

Akanipiga kofi mkononi, vishanga vikamwagika. "Nani kakutuma? Ndugu hapimwi kama mwizi! Akisikia, uso wangu nitauweka wapi?"

Akashona wiki mbili.

Siku ya kulijaribu, Rispa na wanawe watatu walikaa ndani na shangazi na mimi. Bwana Kioko akabaki nje na ndoo. Tone la kwanza likaanguka, na la pili.

"Ngojeni," shangazi akasema. "Lanywa kwanza."

Ndoo ya tatu. Ya tano. Maji yakashuka mshono mzima kama mfereji.

"Mama, hema lina kiu sana!" mtoto mdogo akasema. Sote tukacheka ila shangazi. Alikuwa amepitisha kidole kwenye mshono, anausikiliza kwa kidole.

Alitoka amelowa mpaka mtandio. "Kosa ni langu. Kachukueni lile la nailoni, na mkilala, dirisha mliache wazi."

Bwana Kioko akaweka ndoo chini. "Na vile nimeambia kiwanda kizima, hema ni kwa Mama wa Utange..." Wakaondoka.

Kesho yake Ami Waleed aliitwa. Alikuja na tabasamu lake na halua yangu ya kila mara.

"Ulijua lina poliesta?" shangazi akamuuliza.

Akaitazama cherehani. "Nilijua, dada. Lilikuwa limenikalia dukani. Mafundi wote huchoma uzi. Sasa ningempelekea nani, kama si wewe?"

Alilisema hilo kama mtu anayesifu. Nilingoja shangazi apige kelele. Alivuta kiti cha wateja, akakipangusa.

"Kaa, Bwana Waleed."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Ami hakukaa. Aliweka halua juu ya meza akatoka, viatu mkononi.

Shangazi akanigeukia, macho mekundu. "Na wewe uliona! Kwa nini hukushikilia?"

"Nilikwambia, shangazi."

"Uliniambia mara moja tu," akasema, akashika mkasi akaanza kulifumua hema.