Fundi Anayesalimia Mafaili

Fundi wa kompyuta hafuti faili kabla hajalisalimia. Anavuta kiti, anapangusa vidole kwenye suruali, kisha anaanza: "Na wewe bwana, unakaa hapa kwa kazi gani?" Katibu wa ofisi, ambaye siku nyingine humcheka mpaka machozi, leo kanuna. Diski imejaa pomoni, mashine imegoma, na meneja ameshatoa hukumu: ifutwe ile video ya mama yake katibu akicheza kwenye mahafali ya mjukuu. Katibu nakala nyingine hana, maana simu iliyoirekodi ilizama kwenye ndoo ya kufulia.

"Dada, tulia kwanza," anasema fundi, huku anajikuna kisogo kwa kalamu iliyokwisha wino. Anafungua folda za mipangilio. Kumbe kila programu ilipoboreshwa ilijinakilia folda nzima upya, na fonti zake na mapicha yake, kama mgeni anayekuja na godoro. Ziko arobaini na moja, zote sura moja. "Jamani! Ukoo mzima umehamia kwa shemeji!" Anabakiza moja tu, anazielekeza programu zote zisome hiyo hiyo, na zilizobaki anaziaga: "Kwaheri. Kwaheri. We nawe, kwaheri, usisahau godoro." Katibu kicheko kinamponyoka. Nafasi imerudi tele. Fundi anaifungua video kuhakikisha iko salama, mama anakata kiuno skrini nzima, na fundi, kiti kikizunguka naye, anapaza sauti: "Shikamoo, mama! Cheza tu, nafasi ipo!"