Dira ya Shaba na Mpaka wa Cyanzarwe

Nakumbuka asubuhi moja huko Cyanzarwe, mwanangu, ukungu ungali juu ya mashamba ya viazi, nami nimesimama kati ya watu wawili waliokuwa wakigombea mpaka. Mmoja alikuwa mjane, Mama Furaha. Wa pili alikuwa jirani yake wa shamba, Sebuhoro, mjomba wangu, kaka wa mama yangu.

Nikueleze kwanza mjomba huyo alikuwa nani kwangu. Sisi tulirudi Rwanda kutoka Tanzania, yeye alirudi kutoka Kongo. Tulipofika Gisenyi hatuna hata godoro, ndiye aliyetupa chumba nyumbani kwake Nengo. Nilikula chakula chake, nikalala chini ya bati lake. Nilikuwa msichana ninayejifunza upimaji wa ardhi kwa Mzee Gatera, na siku ile ndipo mzee aliponikabidhi dira yake nipime peke yangu.

Ilikuwa dira ya kale ya shaba ya njano, pana kama kisahani, yenye vibawa viwili vya kulengea. Walioitengeneza hatukuwajua. Walikuwa mafundi wa ng'ambo, na jina lao lililochongwa usoni lilikuwa limefutika kwa vidole vya watu. Lakini kazi yao ilionekana. Kila alama ya nyuzi ilichorwa kwa mkono uliotulia, na mzee alipoifungua kuisafisha alinionyesha kuwa hata ndani, mahali ambapo mnunuzi hatazami, walisugua shaba ikawa laini sawa na nje.

Mpaka ule ulianzia kwenye jiwe la pembeni, chini ya mteremko, ukapanda kwa uelekeo ambao pande zote mbili ziliukubali. Ua wa miyenzi, mimea yenye utomvu mweupe, ulioonyesha mstari ulikuwa umekauka na kung'olewa. Niliweka dira juu ya jiwe, nikasubiri sindano itulie, nikalenga. Mstari ukapita katikati ya jiko la Mama Furaha. Nusu ya jiko na viazi vyote vya nyuma yake vikaangukia upande wa mjomba.

Mjane hakupiga kelele. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko lake akasema, "Hili alilijenga marehemu mume wangu, na mjomba wako alikuwapo. Alimshikia nguzo."

Mjomba akaniwekea mkono begani. "Bon, mutoto wangu, dira imesema. Piga vijiti vya mpaka, twende tukule."

Nilivishika vile vijiti, nisikufiche. Damu ni nzito kuliko maji, na tumbo lililoshibishwa huona haya. Ndipo Mzee Gatera, aliyekuwa ameketi kando akinitazama, akauliza taratibu, "Binti, umeutazama mpaka kutoka juu pia?"

"Bado, Mzee."

"Aliyetengeneza dira hiyo hakutia chuma hata kwenye skrubu moja, maana chuma huvuta sindano. Alijinyima kilicho rahisi ili wewe usome kweli. Wewe umeiweka juu ya nini? Na nani amekushika bega?"

Nikatazama chini. Jiwe la mpaka lilikaa juu ya amakoro, yale mawe meusi ya volkano, ambayo mengine yana chuma ndani yake. Nikaichukua dira.

"Unanipimia mara ya pili kama mwizi?" mjomba akauliza.

"Napima mara ya pili kwa sababu ndiyo kazi yangu, mjomba. Naomba unipishe."

Nikapanda hadi juu, kwenye udongo mtupu, nikalenga kurudi chini kwenye jiwe. Hesabu mbili hazikukubaliana. Nikajaribu katikati ya shamba, mbali na mawe, na dira ikakubaliana na hesabu ya juu; kumbe mawe ya chini ndiyo yaliyovuta sindano. Basi nikaufuata mstari huo, kijiti kwa kijiti, na jiko la mjane likabaki lake lote. Mjomba alitembea nyuma yangu mwanzo hadi mwisho. Tulipomaliza akasema, "Asante ya punda ni mateke."

Wiki ile mama na mimi tulihamia chumba cha kupanga Rugerero. Miaka ikapita hatusalimiani, hata mlangoni mwa kanisa. Mama alilia, nami niliumia, lakini sikuking'oa kijiti hata kimoja.

Kisha mjomba akazeeka. Wanawe wakaanza kugombania mashamba yake yeye angali hai, kila mmoja akileta mpimaji wake. Siku moja akamtuma mkewe kwangu. Nilipokwenda nilimkuta mjomba kitandani, mwembamba. Hakuniomba radhi. Aliwaambia tu wanawe, "Huyu ndiye atapima. Mimi mwenyewe alinikatalia."

Mwanangu, leo unapima kwa mashine inayosemezana na satelaiti, na wafanyabiashara wanaitaka dira yangu, niliyoachiwa na Mzee Gatera, wapambie hoteli kando ya ziwa. Siwapi. Lakini sikusihi uipende dira. Nakuambia hivi: kabla hujaamua jambo la mtu, litazame kutoka ncha zote mbili, na umsogeze pembeni kila anayekuvuta, hata kama ndiye aliyekulisha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fanya kazi yako vizuri hata pale asipotazama mtu, na ukiijua kweli, simama nayo, ulipie gharama yake bila kulalamika.

Imana, Mungu wetu, akupe macho ya kuona na miguu isiyoyumba, na popote utakapopita, wenye nyumba wabaki na nyumba zao.