Chai ya Kibeta na Kufuli la Bwana Afya

Mgahawa wetu pale Kibeta ulifungwa na watu wawili, na siwafichi: bwana afya, na mwenye hoteli ya jirani aliyempelekea maneno. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini hilo sikulisahau.

Tulikuwa wajane, mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Vita vya mpakani vilimaliza duka la baba mkwe, ugonjwa ule wa kukonda ukamaliza waume zetu. Ukabaki mgahawa wa mabati, na watoto wakila kwa chai na maandazi yake. Leseni ilipokwisha, afisa biashara akataka kwanza vyeti vya afya. Tukapimwa, tukapewa. Bwana afya akakigonga muhuri changu, cha wifi akakataa.

"Huyu amekonda," alisema mbele ya wateja. Utafikiri miaka ile kulikuwa na aliyenenepa. Akaahidi kurudi na kufuli.

Siku aliyorudi alimkuta mama mkwe, amefika kutoka Kaagya na mkungu wa ndizi kichwani. Mama huyo alishazika watoto wengi kuliko waliobaki. Hakugomba. Alimwambia wifi amimine chai. Kwetu anayekaribisha huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Wifi akaonja. Mama yake akapokea kikombe kile kile, akakigeuza taratibu mpaka mdomo wake ukakaa palepale pa bintiye, akanywa. Kisha akamnyooshea bwana afya kwa mikono miwili.

"Ameonja, nami nimeonja. Kunywa, mwanangu, ndipo ufunge."

Bwana afya ni Mhaya kama sisi, anajua maana yake. Akatazama chini.

"Mama waitu, mama yetu, niko kazini."

Mchuuzi mmoja wa samaki akainuka kwenye benchi, akakipokea yeye.

"Na sisi tuko kazini," akasema, "ila tuna kiu."

Akanywa, akampa mwenzake. Kikombe kikazunguka benchi zima.

Kufuli alilifunga vilevile. Tukatoa birika nje, tukauzia mlangoni, mpaka wifi aliposhindwa kuinuka kitandani. Bwana afya akawa anapita ng'ambo ya barabara. Sijamsamehe.

Mizinga ya vita niliisikia. Haikunitetemesha kama vidole vya yule mama, vikitafuta kwenye ukingo wa kikombe mahali pa mdomo wa mwanawe.