Kitendawili cha Nyuma ya Mlango

Saa tatu asubuhi, Mama Kitasa, fundi wa kufungua milango, amelala kifudifudi kwenye sebule ya watu, shavu sakafuni, mdomo kwenye upenyo wa mlango. Mkoba wake wa vifaa bado haujafunguliwa.

Nyuma ya mlango huo analia Kisura, binti wa miaka minne. Ameingia chumbani peke yake, akazungusha ufunguo kama anavyomwona mama yake akifanya, na sasa umemshinda kuurudisha. Dirisha lina nondo. Mama mtu anagonga mlango kwa viganja vyote viwili, na jirani mmoja mwenye mabega mapana amekwisha kukunja mikono ya shati.

"Tupishe tuvunje, fundi," jirani anasema. "Teke moja tu."

"Hilo teke litampata nani?" Mama Kitasa anauliza bila kuinua kichwa. "Mtoto ameegemea mlango. Vidole vyake vya miguu naviona hapa. Shusha mikono ya shati, kaka yangu. Na wewe mama, acha kugonga, unamtisha."

Ukutani, kwenye kiti cha plastiki, ameketi bibi mmoja na pochi yake mapajani. Ni mama mzazi wa fundi. Walikuwa njiani kwenda kumpimisha bibi macho simu ya dharura ilipoingia.

"Leo macho yangu yatapimwa na kitasa," bibi ananung'unika. Binti yake hajibu.

Hao wawili ndivyo walivyo. Mama Kitasa humtunza mama yake vizuri, humlisha, humvisha, humpeleka hospitali. Ila maneno humpimia kwa kijiko.

Sababu yake aliwaeleza wateja jana yake, kwenye kibanda chake cha kuchonga funguo, mama yake akiwa nyumbani. Alikuwa na miaka mitano. Alilala usingizi nyuma ya magunia ya mkaa stoo, akaamka mlango umefungwa na giza limejaa.

"Nililia mpaka sauti ikakauka," alisema. "Nikaita mama, mama, kimya. Mama alinifungia akaenda zake. Hilo nimeishi nalo."

Kilichomwokoa, alisema, ni sauti nzito iliyokuja chini ya mlango na kumtegea vitendawili. Kimoja, viwili, vitatu, mpaka akasahau kulia. Cha mwisho kilimshinda, akaambiwa atoe mji kama ilivyo kawaida ya mchezo.

"Nikampa duka la peremende, maana mji mwingine sikuujua. Ile sauti ikacheka. Kabla haijaniambia jibu, mlango ukafunguka, nikamwona fundi na koleo lake. Mama hayupo. Nikasema moyoni, na mimi nikikua nitakuwa huyu."

Akawa. Huu ni mwaka wa ishirini anafungua milango ya watu. Wiki nzuri hufungua kumi, wiki mbaya miwili, na kuchonga funguo ndiko kunakolipa kodi ya kibanda. Wateja humshangaa kwamba hagusi kitasa kabla hajaongea na aliye ndani. Yeye hudhani mafundi wote hufanya hivyo.

Lakini ingieni nyumbani kwake mcheke. Ukiacha mlango wa mbele, ndani hakuna mlango hata mmoja, ni mapazia matupu. Ukioga unaimba, ili watu wajue bafuni kuna mtu.

Sasa turudi kwa Kisura.

"Kitendawili!" Mama Kitasa anasema kwenye upenyo.

Kilio kinapungua kidogo.

"Kitendawili, mwanangu. Unajua kujibu au ni hodari wa kulia tu?"

"Tega," sauti ndogo inasema.

"Nikitembea anatembea, nikikaa anakaa, taa ikizimika ananikimbia."

Kamasi linavutwa. "Kivuli?"

"Aa! Huyu amesoma wapi huyu? Haya, fundi mwenzangu, shika ufunguo. Uzungushe taratibu uelekee dirishani. Ukikataa usiulazimishe."

Ufunguo unalia kri, kisha unanyamaza. Mama Kitasa anachungulia tundu la kitasa. Bado umekaa upande, hausukumiki.

"Mkono unauma," Kisura anasema, na kilio kinaanza kurudi.

"Basi uache upumzike, nikutegee kingine. Hiki ni kigumu. Anaingia bila hodi, anatoka bila kuaga, na mlango wake haufungwi."

Kisura anajaribu paka. Anajaribu mwizi. Jirani mwenye mabega, ambaye hakuna aliyemwuliza, anajaribu upepo.

"Upepo unaufungia dirisha, kwisha habari yake," Mama Kitasa anamjibu. "Haya Kisura, nipe mji."

"Nakupa kwa bibi."

"Kwa bibi nimefika, nimekula, nimeshiba, nimelala. Jibu sasa..." Analaza tena shavu sakafuni. "Jibu hata mimi sina, mwanangu. Aliyenitegea hakuniambia."

"Ni pumzi."

Imetoka ukutani. Ni sauti nzito, ya kukwaruza, kama ya mzee wa kiume mwenye mafua. Mama Kitasa anageuza kichwa taratibu. Aliyeketi pale ni mama yake peke yake.

"Ni pumzi," bibi anarudia, sasa kwa sauti yake ya kila siku. "Nilitaka kukuambia, mlango ukafunguka. Na mji ulikuwa umeshanipa. Duka zima la peremende."

"Yule alikuwa fundi," Mama Kitasa anasema.

"Fundi gani? Yule hakutamka neno, alikuwa na misumari mdomoni. Nilifunga stoo sijui kama umelala humo, niliporudi kufungua ufunguo ukanikatikia kitasani. Shemeji akakimbia kumleta fundi. Mimi nikalala chini kama ulivyolala wewe. Nilikuwa nalia, nikaifanya sauti nene usijue. Ungesikia mama analia, ungepata wazimu humo ndani."

"Mlango ulipofunguka hukuwepo."

"Nilikuwa nanawa uso, mwanangu. Ningekupokea na macho yale?"

"Mbona hukusema miaka yote?"

"Hukuniuliza. Nami nilidhani unajua. Nani mwingine angekutegea vitendawili?" Anafungua pochi, anatafuta leso. "Nilikuwa nakusikiliza unavyopumua. Nikikusikia unapumua, na mimi napumua. Ndiyo nikakitunga kile."

Mama Kitasa anaficha uso kwenye mkono wake. Mabega yanatikisika, na haijulikani anacheka au analia, mpaka sauti ya upande wa pili inapouliza kwa hasira kidogo:

"Kwani hamchezi tena?"

"Tunacheza!" wanajibu mama na binti kwa pamoja.

Safari hii Kisura anashika ufunguo kwa mikono miwili. Kri, kisha tak. Umenyooka. Mama Kitasa anapitisha gazeti chini ya mlango, anausukuma ufunguo kwa waya, unadondoka juu ya gazeti, anauvuta na kuuchomeka upande wake. Mlango unafunguka, na Kisura anatoka akiwa amevaa viatu vya mama yake, anauliza kama kuna chai.

Jirani anakaa chini. Mama mtu anamkumbatia mtoto, kisha fundi, kisha bibi, ambaye analalamika kwamba miwani yake itavunjika kabla macho hayajapimwa.

Ngazini, Mama Kitasa anamshika mama yake mkono, na kwa mara ya kwanza kati yao wawili ndiye anayeongea zaidi. Anauliza yule fundi alikuwa mtu gani. Anauliza vitendawili vingine vilikuwa vipi.

Mwezi ujao, anasema, atatundika mlango chumbani kwake. Wa mbao, wenye kitasa kizuri. Mafundi wenzake, wanaomtania kwa mapazia yake, wamengoja siku hiyo kwa miaka.

"Utaweza kulala humo umejifungia?" mama yake anamwuliza.

"Nitachonga funguo mbili. Mmoja ukae kwenye pochi yako."

Bibi anaifikiria pochi, imejaa tayari. "Wa nini?" anasema. "Niachie upenyo chini tu."