Protini ya Dorika na Beseni la Maandazi

Mdogo wangu Dorika anasomea hamira. Watu wa hapa Mpanda wakisikia hivyo wanadhani yuko chuo cha mikate, na mimi nimechoka kuwaelewesha. Anachunguza protini moja tu iliyomo ndani ya hamira.

Alipokuja likizo, mama alimuuliza huku anakaanga maandazi, "Sasa mwanangu, kidude chenyewe hata hakionekani, kazi yake unaijuaje?"

"Tunakiondoa, mama," Dorika akajibu. "Ndani ya seli kuna vifuko vidogo vinavyobeba mizigo. Tukikuza hamira isiyo na ile protini, vifuko vinarundikana ndani, havifiki ukingoni. Hapo tunajua ndiyo iliyokuwa inavifikisha."

Mama alicheka. "Basi kama wewe. Ulipoenda chuo, maandazi yalirundikana humu mpaka yakaota ukungu, hakuna wa kuyafikisha stendi. Ndiyo tukajua kazi yako."

Nilikuwa mlangoni nimejitwika beseni. Tangu mwaka ule stendi naenda mimi, jua liwake mvua inyeshe, nawakimbilia abiria wa Sumbawanga na Tabora kabla basi halijaondoka. Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Nilienda, nikauza, nikarudi na beseni tupu.

Kesho yake alfajiri, maandazi yalipoiva, nilivuta shuka nikajifunika mpaka kichwani. Nikamsikia mama uani anaita, "Bibiana! We Bibiana! Maandazi yanapoa!"

Sikuitika. Nilitaka wachunguze vizuri.